Umeendelea, Lakini Haujasambaa

Mmeniaga kwa keki na birika la umeme, halafu mkaniomba niwaandikie jinsi miaka yangu ya kazi ilivyokwenda. Kwa kuwa sasa sina kikao cha Jumatatu asubuhi, nimekubali. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilikuja kwa kusuasua. Mshahara mnaujua, ndio huo wenu. Nitawaeleza kazi yenyewe, hasa ninyi wageni mnaodhani kutafsiri takwimu za saratani ni kubonyeza kitufe na kwenda kunywa chai.

Nilipoingia ofisi ile ya Westlands mara ya kwanza, nilidhani nimeajiriwa kutafsiri. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Mzee Jaswant, Kalasinga mwenye kilemba cha buluu na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kusomea. Yeye ndiye aliyekuwa akichora chati zote. Kila mwaka ripoti zilikuwa zikija kutoka ng'ambo, zikilinganisha vifo vya saratani katika nchi za viwanda, Japani, Uingereza, Marekani, Ujerumani na wenzao, pamoja na yale wanayokula, wanayokunywa na wanayovuta watu wa huko. Kazi yetu ilikuwa kuzigeuza ziwe kitu ambacho mama wa kanisa Mutuini na fundi wa magari Ngong Road wangeweza kukitumia. Mzee Jaswant alinipa chati isiyo na jina hata moja, mistari mitupu.

"Niambie unaona nini," akasema.

"Naona mistari, inapanda na kushuka."

"Sawa. Wewe unaweza kazi. Yule wa jana aliona sababu."

Kisha akaniuliza mbona Japani wanakufa na saratani wengi kuliko Mutuini. Nikajibu upesi kwamba ni chakula. Akacheka, akamimina chai kwenye kisahani, akaipuliza. "Kwanza uliza miaka. Ukienda chekechea na ukienda chama ya wastaafu, wapi watu wanalia magoti? Sasa utasema ni chakula?" Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusawazisha umri, yaani kuzipa nchi zote wazee na watoto kwa kiasi kimoja kwenye hesabu kabla ya kuzilinganisha. Tangu hapo, mtu akinitajia takwimu, kabla sijastuka huwa nauliza ina umri gani. Hata mitaani nimekuwa kero.

Alikuwa na hila moja ambayo nawaachia kama urithi. Ukienda kwa watu, ziba majina ya nchi kwa karatasi, waache wabishane. Ukiwaonyesha mstari wa saratani ya tumbo la chakula, unaoshuka miaka nenda miaka rudi karibu kila nchi yenye viwanda, waulize ni nini kiliuteremsha. Watasema dawa. Watasema maombi. Kuna mmoja alisema ni serikali nzuri, tukacheka mpaka chifu akaingia. Ndipo unawaambia kwamba wataalamu wanaelekeza kidole kwenye friji, kwa sababu watu waliacha kuhifadhi nyama na samaki kwa chumvi na moshi, wakaanza kula vyakula visivyotiwa chumvi nyingi. Mtu aliyebisha dakika kumi hasahau jibu. Mtu uliyemsomea karatasi husahau kabla hajafika stendi.

Mimi upande wangu ulikuwa maneno, na maneno yalinitesa kuliko hesabu. Ripoti zikisema nchi zilizoendelea, Mzee Jaswant alikuwa akikata kwa kalamu nyekundu. "Zimeendelea kwenda wapi? Andika za viwanda." Nikaandika za viwanda, na huko Kawangware bwana mmoja akainua mkono akauliza, sisi tunaofanya kazi viwandani Indastrial Area tuko kundi gani? Mtacheka, lakini lilikuwa swali zuri, na tulilifanyia kazi. Tuliposema magonjwa ya mtindo wa maisha, kina mama walishika nywele zao, kwa sababu Nairobi mtindo ni msuko. Tuliposema uchunguzi wa mapema, vijana watatu waliokaa karibu na mlango walitoka pole pole. Walidhani ni polisi.

Lazima niseme na hili, kwa kuwa mtaambiwa hata nisiposema. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kiswahili, wa Kakamega, na upatanisho wa kisarufi ulikuwa ukipigwa nyumbani kwetu kwa mwiko. Mtu akiniambia, "Madam, kitu yako imeanguka," nilikuwa siokoti mpaka kianguke sawasawa. Najua mlikuwa mkiniigiza jikoni. Mlikuwa mkiniigiza vibaya.

Aliyeniigiza vizuri alikuwa Wafula, dereva wetu. Mtu wa Bungoma, mnene wa sauti, aliyepanga nyumba Mutuini na mkewe, Mama Sarah, wakapata na kishamba cha sukuma wiki nyuma ya nyumba. Asubuhi alikuwa akinichukua Adams Arcade na gari la ofisi, tunapakia projekta, waya na ile skrini iliyokataa kusimama, tunakwenda. Nikizungumza, yeye alikaa nyuma. Baada ya miaka kadhaa hotuba yangu yote ilikuwa kichwani mwake. Siku moja sauti ilinikauka kanisani, nikamwita kwa mkono, akasimama akaitoa neno kwa neno, pamoja na kikohozi changu mahali pake. Watu walimpigia makofi kuliko mimi. Nilinuna mpaka Dagoretti Corner, kisha nikacheka.

Basi Wafula alikuwa na nadharia yake. Katika hotuba kulikuwa na mstari wa saratani ya utumbo mpana, ule wa Japani, uliopanda kadiri watu wa huko walivyobadilisha sahani zao, nyama zaidi na mazoezi kidogo. Chini kabisa ya chati kulikuwa na sisi. Mchana, mbele ya nyama choma, Wafula alikuwa akiinua mfupa na kusema, "Madam, mimi niko chini ya chati."

"Uko chini kwa sababu wengi wetu hatuandikwi, na kwa sababu nchi yetu ni ya vijana."

"Najua. Umri haujasawazishwa," alijibu, akatafuna.

Utamfanyia nini mtu wa namna hiyo.

Mwaka ambao Mzee Jaswant alistaafu, akahamia kwa binti yake Uingereza, yaani akaingia ndani ya chati mwenyewe, niliona Wafula akianza kusimama kila kituo cha mafuta. Ananiachia gari likinguruma, anakwenda msalani, anarudi akipangusa uso. Mkanda wake wa suruali ulihamia tundu jingine. Nikimuuliza, ni alsa, vidonda vya tumbo. Wiki nyingine ni amiba. Nairobi mtu haumwi kitu kingine, akiugua ni alsa au amiba, na akizidiwa ni zote mbili. Halafu Mama Sarah akanipigia simu mwenyewe, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna damu, na kwamba haijaanza jana.

Asubuhi yake, tukiwa kwenye foleni ya magari Ngong Road, nilimwambia waziwazi. "Wafula, wewe mwenyewe husimama mbele ya watu ukawaambia damu chooni si amiba mpaka daktari aseme."

"Hiyo ni hotuba, Madam."

"Hotuba ya nani?"

Akaingiza gia, tukafika mzunguko wa barabara. "Sawa. Nitaenda. Lakini peke yangu, sitaki kusindikizwa kama bibi harusi."

Akaenda. Wakampima kwa kamera, wakakata kinyama wakakipeleka maabara, akaambiwa arudi kwa majibu. Siku ya majibu nilikaa ofisini nikitazama mlango, nikasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima. Akaingia anapiga mluzi. "Niko sawa, naendelea," akasema, akachukua funguo za gari. Basi. Ungesema nini? Ukimuuliza mtu hali, naye akajibu naendelea, unamshukuru Mungu unarudi kwenye kazi yako. Jumamosi hiyo alitualika Mutuini kwa sala ya shukrani.

Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vya plastiki vimekodishwa, na kuku wa Bungoma walikuwa wameliwa wengi wao kabla sijafika. Mama Sarah alikuwa amevaa kitambaa kipya, uso umefunguka. Wafula akasimama kutoa ushuhuda, akiwa na shati jeupe lililomzidi shingoni.

"Bwana asifiwe. Mnajua nimekuwa nikisumbuliwa na tumbo. Nikaenda hospitali, daktari kijana, mtu wa Mombasa, akaangalia picha. Akasema kuna uvimbe kidogo. Sasa nani hana uvimbe? Halafu akaniambia kwa Kiswahili safi: 'Mzee, umeendelea, lakini haujasambaa. Jumatatu urudi tupange.' Mimi nikajiuliza, tupange nini na mimi naendelea? Jumatatu naenda nyumbani kupanda mahindi, tiketi niko nayo. Mungu ni mwema."

Watu wakaitikia, "Kila wakati!" Mimi niliyekuwa nimeshika kipapatio cha kuku nikakirudisha kwenye sahani. Kama angesema umeendelea peke yake, ningepiga makofi na wenzangu. Lile la pili ndilo lililoniganda sikioni. Wafula alikuwa hodari wa kukariri, na alikuwa amekariri vizuri mno.

Niliogopa. Miaka yote nimetaka watu wapatanishe maneno sawasawa, na siku ile niliomba kwa moyo wote awe amekosea. Nikangoja wimbo uanze, nikamvuta nyuma ya nyumba, kwenye sukuma wiki.

"Wafula, hebu rudia maneno ya daktari."

"Umeendelea, lakini haujasambaa."

"Alisema hujasambaa, ama haujasambaa?"

"Haujasambaa. Ha-u. Kwani mimi ni kiziwi?"

"Basi si wewe."

"Si mimi nini?"

"Aliyeendelea si wewe. Ni uvimbe. Uvimbe umeendelea. Kama angekuwa anakusema wewe, angesema hujasambaa."

Alinitazama, kisha hasira ikampanda. "Madam, hata leo? Hata leo unaniletea ngeli kwa boma yangu? Ugonjwa ni 'imeendelea'. Kila mtu anasema ugonjwa imeendelea."

"Kila mtu wa Nairobi. Yule ni mtu wa Mombasa. Kwake ugonjwa ni u, uvimbe ni u, na wewe mwenyewe ni u."

"Unataka kuniharibia siku."

"Nataka Jumatatu usipande basi," nikasema. "Wafula, mtu husambaa?"

Alijiangalia, kuanzia tumbo mpaka viatu. Huko hemani walikuwa wamefika ubeti wa pili.

"Mtu hasambai," akasema pole pole.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikasimama hapo karibu naye, akaniuliza kama ndiyo ile ya Japani. Nikasema sijui, lakini nadhani ndiyo, na kwamba kama haijasambaa wanaweza kuikata. Nilisema haijasambaa, mimi mwenyewe, kwa Kinairobi, ili asikosee.

"Sasa hawa watu nitawaambia nini?" akauliza. "Wameshakula kuku ya shukrani."

Alikwenda kwanza kwa Mama Sarah, akamnong'oneza. Nikamwona mama yule akishika ukingo wa meza. Kisha Wafula akarudi mbele, akainua mkono wimbo ukanyamaza. "Ndugu zangu, tumeshukuru mapema kidogo. Ile sala tulifanya, naomba tuibadilishe iwe ya kuomba. Kuku ni ile ile." Kuna waliocheka na kuna waliolia, na mchungaji, ambaye alikuwa amekwishafunga Biblia, akaifungua tena.

Jumatatu tulikwenda watatu. Daktari alikuwa kijana mpole, amechoka, na tulipomweleza alishika kipaji cha uso. "Mzee, lakini nilisema uvimbe."

"Ulisema mwanzo," Wafula akamjibu. "Halafu ukaacha jina, ukabaki na u."

Kijana yule hakubisha. Akavuta kiti akaketi mbele ya Wafula magoti kwa magoti, akaanza upya. Ni saratani, ipo kwenye utumbo mpana, imekua lakini haijatoka nje ya hapo, na ingengoja msimu wa mahindi pengine hadithi ingekuwa nyingine. Kila sentensi aliitaja saratani kwa jina, kama mtu anayeita mtoto mtundu. Wafula akaniangalia. "Kumbe ni kansa," akasema. Ndipo Mama Sarah akalia.

Mkitaka kujua kwa nini vijitabu vyetu vyote hurudia neno ugonjwa mpaka vinachosha, sababu ndiyo hiyo. Najua kati yenu kuna wenye kalamu nyepesi mnaotamani kulipunguza ili sentensi zipendeze. Liacheni. Andikeni ugonjwa umeendelea, ugonjwa haujasambaa, ugonjwa unatibika, hata kama mwalimu wenu wa insha angewakata maksi. Baba yangu naye angenikata, na ningemjibu kwa heshima.

Walimpasua Wafula, wakamwekea mfuko wa choo ubavuni, akaupa jina la bosi wetu wa wakati ule, jina ambalo sitaliandika. Baadaye wakautoa, wakafunga tundu lake. Dawa zilimtoa nywele na kumwachia vidole vyenye ganzi, hivyo usukani alimkabidhi mtu mwingine. Lakini alikataa kukaa nyumbani. Akawa anakuja kwenye hotuba, na tukifika ule mstari wa utumbo mpana alikuwa akisimama kutoka nyuma, anatembea mpaka kwenye skrini, anaweka kidole chini kabisa ya chati. "Hapa ndipo nilikuwa nimejificha," anawaambia. "Hapa hapafichi mtu." Sigara za Uingereza, friji za Marekani, vyote wasikilizaji walisahau. Wafula hawakumsahau. Wanaume walitoka pale wakaenda kupimwa, na mimi nilitembea na takwimu za nchi za viwanda maisha yangu yote bila kuona kitu kama hicho.

Kila alipokwenda kuangaliwa alikuwa anaumwa tumbo siku tatu kabla, kwa hofu tu. Alikuwa ananiambia hivyo bila haya. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka huu, wiki chache kabla hamjanikatia keki. Mama Sarah alikuwa na mafua, akaniomba niende na Wafula. Yule kijana alikuwa amekwenda kusoma zaidi, tukampata daktari mwingine, mama wa makamo kutoka Lamu, mwenye ushungi na sauti ya taratibu. Alizitazama picha. Akazirudia. Akazilinganisha na zile za zamani, moja baada ya nyingine, huku Wafula akizungusha kofia mikononi. Kisha akaweka kila kitu chini na kumgeukia.

"Mzee Wafula," akasema, "umekwisha."

Mtoto wa mwalimu wa Kiswahili mimi, ngeli zote zilinikimbia. Wafula ndiye aliyeinua mkono, taratibu, kama mwanafunzi.

"Daktari, samahani. Hiyo u ni ya nani?"

Daktari akakunja uso, hakuelewa. "Ya ugonjwa, baba. Ugonjwa umekwisha. Ungekuwa wa nani tena?"

Wafula akafunika uso kwa kofia akalia, nami nikalia naye, na yule mama wa watu akabaki akitutazama mmoja mmoja, akituuliza kwa upole amekosea wapi.